Jinsi ya kutunza dreni nyumbani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mwongozo kamili

Dreni ni mrija unaotoa majimaji tumboni na kuyapeleka kwenye kichupa laini kilicho nje ya mwili, na kosa linalorudiwa kuliko mengine yote katika kuitunza ni hili: mgonjwa anamwaga majimaji vizuri, anafunga kizibo, kisha ndipo anapokibonyeza kichupa. Kwa kuwa hewa haina tena pa kutokea, ama inasukumwa kurudi kwenye mrija kuelekea tumboni, ama kichupa kinakataa kubonyea, na vyovyote iwavyo dreni haivuti chochote siku hiyo. Mgonjwa anaona kichupa ni kitupu na anafurahi kwamba majimaji yamekauka, kumbe yamebaki ndani.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyerudi nyumbani na dreni ya kuvuta baada ya kukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, upasuaji ambao wengi huuita slivu, au baada ya baipasi, ambapo kifuko kidogo cha juu ya mfuko wa chakula huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Si kila daktari huweka dreni katika upasuaji huu. Wengi siku hizi hawaiweki kabisa, na wengine huitoa kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Aliyepewa maelekezo tofauti na daktari wake afuate ya daktari, kwa sababu yeye ndiye anayejua ncha ya mrija imelala wapi.

## Kwanza hakikisha una dreni ya aina gani

Dreni ya kuvuta ina mrija mwembamba unaotoka kwenye tundu dogo tumboni, umeshikiliwa na uzi mmoja kwenye ngozi, na mwisho wake kuna kichupa laini cha silikoni chenye umbo la yai. Kichupa kikibonyezwa na kufungwa, kinajaribu kurudi kwenye umbo lake, na jitihada hiyo ndiyo inayovuta majimaji.

Ikiwa mrija wako unaishia kwenye mfuko wa plastiki unaoning'inia, hiyo ni dreni ya mteremko: haibonyezwi, inahitaji tu kukaa chini ya usawa wa tumbo. Hatua ya 3 na ya 5 hazikuhusu. Vilevile, mambo haya hayamhusu aliyewekewa puto ndani ya mfuko wa chakula kwa njia ya mdomo. Hapo hakuna tundu tumboni wala mrija wa nje, ingawa nimesikia watu wakikiita kichupa cha dreni "puto" na kuchanganyana na ndugu zao kwenye simu.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kutoka hospitali

- Kikombe au sirinji kubwa yenye alama za mililita. Kikombe cha chai na kijiko havipimi.
- Glavu safi, hasa kama anayekuhudumia ni mtu mwingine.
- Sabuni ya maji na taulo ambalo halitumiwi kwa kazi nyingine.
- Vipande vidogo vyenye spiriti vya kufutia, au shashi na chupa ya spiriti.
- Shashi tasa, ile ambayo wauguzi huiita gozi, na plasta ya hospitali.
- Maji tasa ya chumvi ya kusafishia kidonda.
- Pini mbili zenye kifuniko, na utepe laini wa kuvaa shingoni wakati wa kuoga.
- Kipimajoto, na saa inayoonyesha sekunde.
- Daftari na kalamu. Karatasi moja moja hupotea.

Kabla hujaondoka, omba muuguzi akuangalie wewe mwenyewe ukimwaga na kufunga kichupa angalau mara moja, na aliyekuja kukuchukua afanye mara moja pia. Uliza mambo manne na uandike majibu: nipige namba gani usiku, dreni ikamuliwe au isikamuliwe (angalia hatua ya 3), nioge lini, na nirudi lini. Kisha omba mrija uwekewe alama ya kalamu isiyofutika pale unapotokea kwenye ngozi. Alama hiyo ndogo ndiyo itakayokuambia baadaye kama mrija umetoka sentimita mbili au haujasogea.

Ikiwa ulifanyiwa upasuaji nchi nyingine, kama wengi wanaokwenda India, usipande ndege bila barua inayotaja aina ya upasuaji, tarehe yake na mahali dreni ilipowekwa, na uwe umeshampata daktari wa upasuaji wa nyumbani aliyekubali kukupokea.

## Hatua ya 1: Osha mikono na tayarisha mahali

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha ikaushe kwa taulo safi. Vaa glavu baada ya mikono kukauka. Glavu haziondoi haja ya kunawa, kwa sababu mkono mchafu huchafua glavu wakati wa kuivaa.

Panga vifaa vyote mezani kabla ya kugusa dreni, ili usilazimike kufungua kabati huku kichupa kikiwa wazi. Kaa mahali penye mwanga wa kutosha. Rangi ya majimaji husomwa vibaya kwenye taa hafifu.

## Hatua ya 2: Kagua mrija kabla ya kuufanya lolote

Anza kwenye ngozi na ushuke mpaka kwenye kichupa. Alama ya kalamu ipo palepale? Uzi bado umeshika? Mrija umejikunja au umebanwa na mkanda wa nguo? Maungio yamekaza?

Mrija uliokunjwa husababisha majimaji kupita pembeni yake na kulowesha shashi, na watu wengi hudhani kidonda kimefumuka. Nyoosha mrija kwanza, subiri, ndipo uamue.

## Hatua ya 3: Kamua mrija, ikiwa umeelekezwa hivyo

Kazi ya hatua hii ni kusogeza vipande vya damu iliyoganda visizibe njia. Baadhi ya madaktari hawataki ifanywe kwenye dreni iliyo karibu na mshono wa mfuko wa chakula, kwa hiyo usiifanye kwa kuiga jirani.

Kwa mkono mmoja, bana mrija karibu na ngozi na uushikilie pasipo kuulegeza; mkono huu ndio unaozuia uzi usivutwe. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili, vikiwa vimeshika kipande chenye spiriti ili viteleze, bana mrija chini kidogo ya mkono wa kwanza na ushuke polepole hadi kwenye kichupa. Ukifika chini, achia mkono wa juu kwanza, kisha wa chini. Rudia mara mbili au tatu.

Ukihisi mvuto mdogo ndani, hilo ni la kawaida. Maumivu makali si ya kawaida. Acha hapo hapo na upige simu.

## Hatua ya 4: Mwaga majimaji

Mwaga asubuhi na jioni, na wakati wowote kichupa kinapofika nusu. Usisubiri kijae, kwa kuwa kadiri kinavyojaa ndivyo nguvu yake ya kuvuta inavyopungua, na uzito wake huuvuta uzi.

Kishike kichupa chini ya usawa wa tundu la tumboni. Fungua kizibo bila kugusa ncha yake wala mdomo wa kichupa. Utasikia hewa ikiingia na kichupa kitatuna. Kiinamishe juu ya kikombe cha vipimo na ukibonyeze taratibu mpaka tone la mwisho, bila mdomo wake kugusa kikombe.

Usisuuze ndani ya kichupa kwa maji wala kwa spiriti. Kinachoingizwa humo kina njia ya kufika tumboni.

## Hatua ya 5: Bonyeza, kisha funga

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Futa mdomo wa kichupa na kizibo kwa spiriti. Kisha, kizibo kikiwa bado wazi, bonyeza kichupa kwa kiganja kizima mpaka pande zake zikaribie kugusana. Endelea kukibonyeza, na kwa mkono wa pili funga kizibo mpaka kiingie kabisa. Sasa achia.

Mwenye mikono dhaifu anaweza kukilaza kichupa mezani na kukikandamiza, ila kisiinuliwe juu ya tumbo kikiwa wazi.

Umefaulu ikiwa kichupa kinabaki kimebonyea na kutuna polepole tu kadiri majimaji yanavyoingia. Kikituna ndani ya dakika chache huku ndani kukiwa na hewa, kuna mahali panapopitisha hewa. Kagua kizibo, kisha maungio ya mrija na kichupa, kisha mrija wenyewe pale kwenye ngozi: mrija una vitundu vidogo sehemu ya ndani, na ukivutwa kidogo kitundu kimoja hujitokeza nje na kunyonya hewa ya chumbani. Hili la mwisho huwezi kulitengeneza nyumbani. Usiurudishe mrija ndani, piga simu.

## Hatua ya 6: Pima na uandike

Weka kikombe kwenye meza iliyo sawa, inama mpaka macho yawe usawa wa majimaji, na usome. Kama una dreni mbili, zitambue kwa namba au kwa upande, na uandike kila moja peke yake. Ukizichanganya, daktari hatajua ipi iko tayari kutolewa.

Andika tarehe, saa, mililita, rangi, harufu kama ipo, mapigo ya moyo na joto la mwili. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: tarehe 4, saa 07:00, dreni ya kushoto, 25 ml, nyekundu hafifu, mapigo 84, joto 36.8. Jioni ukipata 20 ml, jumla ya saa 24 ni 45 ml, na jumla hiyo ndiyo daktari anayoitafuta.

Ushauri mdogo kuhusu saa: andika kwa mtindo wa 07:00 na 19:00. Sisi tunaosema "saa moja asubuhi" tunaelewana wenyewe, lakini daktari aliye Chennai, India, akiona 1:00 kwenye picha ya daftari lako atadhani uliamka usiku wa manane, na hesabu yake ya saa 24 itaharibika.

Mwaga majimaji chooni, osha kikombe kwa sabuni, kikauke, kisha nawa mikono tena.

## Hatua ya 7: Safisha tundu na ubadilishe shashi

Fanya hivi mara moja kwa siku, na kila shashi inapolowa. Bandua plasta ukielekea kwenye mrija, huku kidole kimoja kikiukandamiza mrija kwenye ngozi. Plasta inayonyofolewa kwa haraka huondoka na dreni.

Safisha kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, ukianzia kwenye mrija na kuzunguka kwenda nje, na kila mzunguko utumie shashi mpya ili uchafu wa pembeni usirudishwe kwenye tundu. Kausha kwa kugusagusa. Weka shashi iliyokatwa mpasuo ili iuzunguke mrija, kisha nyingine nzima juu yake, na ufunge kwa plasta bila kuubana mrija.

Usiweke unga wa vidonge vya antibayotiki, majivu, asali, dawa ya meno wala mafuta ya nazi. Najua mikono ya wazazi wetu imeponya vidonda vingi, lakini hili ni tundu lenye njia ya kuingia tumboni. Pamba nayo isitumike, kwa kuwa nyuzi zake hubaki kidondani.

Wekundu mwembamba kuzunguka uzi, wa milimita chache, ni wa kawaida. Wekundu unaopanuka kila siku, ngozi yenye joto au usaha unahitaji daktari.

## Hatua ya 8: Funga kichupa mahali salama

Pitisha pini kwenye kitanzi cha plastiki kilicho juu ya kichupa, kamwe si kwenye kichupa chenyewe, na uifunge kwenye nguo ya juu chini ya usawa wa tundu. Mrija uache ulegee kidogo ili ukijigeuza usivutwe. Usifunge kwenye suruali wala nguo ya ndani: ukienda chooni na kuivuta chini kwa haraka, dreni nayo inashuka. Wanaovaa dera au kanga wafunge kwenye fulana ya ndani, kwani nguo pana hunasa kwenye kitasa cha mlango.

Ukioga kwa ruhusa ya daktari, tundika kichupa kwenye utepe wa shingoni, na utepe uwe mrefu ili kichupa kifike chini ya tundu. Maji yatiririke juu ya mwili. Beseni la kukalia, bwawa na bahari vingoje mpaka tundu lizibe kabisa. Lala chali au kwa ubavu usio na dreni, na usimpakate mtoto mdogo upande wa mrija.

## Kusoma kinachotoka

Baada ya upasuaji mwingine, kazi kubwa ya dreni ni kutoa majimaji yasikusanyike. Baada ya upasuaji wa mfuko wa chakula ina kazi ya pili iliyo nzito zaidi, nayo ni ulinzi: mshono wa mfuko, au wa pale ulipounganishwa na utumbo, ukivuja, kinachovuja huenda kikaonekana kwenye kichupa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwaga bila kuangalia, hata kama vipimo vyao ni sahihi.

Kwa kawaida siku za kwanza majimaji huwa mekundu, kisha huwa ya waridi, kisha ya manjano hafifu kama rangi ya majani makavu, na kiasi hupungua. Vipande vichache vya damu iliyoganda si tatizo.

Yafuatayo si ya kawaida: damu mbichi inayojaza kichupa, au rangi iliyokuwa ya manjano kurudi kuwa nyekundu, kiasi kuongezeka ghafla baada ya kupungua, rangi ya kijani, ya kahawia, au weupe wa maziwa, harufu mbaya, na zaidi ya yote, kinywaji ulichokunywa kuonekana ndani ya kichupa. Kwa sababu hiyohiyo, usinywe juisi ya rosela wala kinywaji chochote chenye rangi kali wakati dreni ingali tumboni, hata kama haina sukari. Ukiona wekundu kwenye kichupa baada ya glasi ya rosela, wewe na daktari mtahangaika kujua kama ni damu au ni rosela iliyovuja.

Kichupa kisafi hakithibitishi kwamba hakuna uvujaji. Mrija unaweza kuwa umeziba, au uvujaji uko mahali ambapo ncha haifiki, na mshono wa slivu unaweza kuvuja hata baada ya mgonjwa kurudi nyumbani akiwa mzima. Mapigo ya moyo mara nyingi hutangulia kusema. Yahesabu kwa dakika nzima ukiwa umekaa kwa utulivu, asubuhi na jioni, na upime joto kabla ya kumeza parasetamoli, kwa kuwa dawa hiyo huificha homa.

## Wakati wa kwenda hospitali bila kusubiri

Nenda, usipige simu tu, ukipata mojawapo ya haya:

- mapigo ya moyo kufika 120 au zaidi kwa dakika ukiwa umepumzika;
- joto la 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi;
- maumivu ya tumbo yanayoongezeka, au maumivu mapya ya bega, hasa la kushoto;
- kupumua kwa shida, kizunguzungu, au wasiwasi mkubwa usio na sababu;
- kutapika kusikokoma;
- damu mbichi nyingi, au majimaji yanayofanana na nyongo au kinywaji.

Tangu dalili inapoanza, usile wala usinywe. Beba daftari, barua ya upasuaji na kichupa kama kilivyo, bila kukimwaga. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe kwamba umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wa aina gani na tarehe gani, na mtu aliyekusindikiza alirudie hasa kabla ya mhudumu yeyote kuingiza mrija kwa njia ya puani, kwa sababu mfuko wako wa chakula si ule ambao mhudumu ameuzoea na mshono mpya unaweza kutobolewa.

## Matatizo yanayotokea mara kwa mara

Mrija umechomoka wote. Usijaribu kuurudisha. Funika tundu kwa shashi tasa, bana kidogo kama panatoka damu, piga simu siku hiyohiyo, na uuhifadhi mrija kwenye mfuko safi ili daktari ahakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani.

Kichupa kimeachana na mrija. Bana mrija, futa ncha zote mbili kwa spiriti, unganisha tena, bonyeza na ufunge. Mjulishe daktari hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Majimaji yamekoma ghafla. Kutoka 60 ml jana hadi 0 leo mara nyingi ni kuziba, si kupona. Kagua mikunjo, hakikisha kichupa kimebonyea, kamua kama uliruhusiwa, na kama hakuna mabadiliko ndani ya saa chache, piga simu.

Shashi inalowa huku kichupa ni kitupu. Majimaji yanapita nje ya mrija. Fanya ukaguzi uleule, na ikiendelea, daktari aione.

## Kutolewa kwa dreni

Dreni hutolewa kliniki, mara nyingi katika ziara ya kwanza. Madaktari wengi hutaka kuona chini ya 30 ml kwa saa 24, tena kwa siku mbili mfululizo, lakini baada ya slivu au baipasi rangi, mapigo ya moyo na namna unavyovumilia vinywaji huhesabiwa pamoja na kiasi. Kwa hiyo usishangae mwenzako mwenye 40 ml akitolewa nawe mwenye 15 ml ukiambiwa usubiri.

Daktari au muuguzi hukata uzi, anakuambia uvute pumzi na kuitoa, kisha anauvuta mrija. Ni sekunde chache, na wengi huhisi kitu kikiteleza ndani kuliko maumivu. Tundu halishonwi, linaachwa lizibe lenyewe, na kwa siku moja hadi tatu linaweza kuvuja majimaji kidogo yanayohitaji shashi tu. Likiendelea kulowesha shashi baada ya hapo, au likianza kunuka, rudi kliniki na daftari lako.